Gladstone na Manunuzi ya Mwezi wa Juni

Kila mwaka, mwezi wa Juni unapoingia, ofisi nyingi za umma nchini hupatwa na homa ya kununua. Viti vilivyo vizima hubadilishwa, warsha huitishwa Naivasha na Mombasa, nao wino wa mashine za kuchapishia huletwa kwa shehena. Sababu yake yajulikana. Mwaka wa kifedha hufungwa tarehe 30 Juni, na kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, pesa ambazo hazijatumika kufikia siku hiyo hurejea Hazina. Wengi hudhani kwamba mchezo huu ulibuniwa na makarani wetu. La hasha. Kanuni inayouzaa ina nasaba ndefu, na katika nasaba hiyo hakuna jina kubwa kuliko la William Ewart Gladstone.

Mimi sikumjua Gladstone kupitia fedha. Sisi wanaisimu humkuta kwenye mlango mwingine. Mwaka 1858 alichapisha juzuu tatu kuhusu Homer, akahesabu humo maneno ya rangi katika tenzi za Mgiriki huyo na kushangaa jinsi yalivyo machache. Hadi leo mjadala kuhusu majina ya rangi katika lugha za ulimwengu hauishi bila ya kumtaja. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu nilistaajabu kutambua kwamba mwandishi yule ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza. Sasa sistaajabu tena. Mtu mwenye subira ya kuhesabu rangi za Homer ndiye hasa wa kuhesabu mishumaa ya serikali.

Alizaliwa Liverpool tarehe 29 Desemba 1809. Baba yake, mfanyabiashara tajiri, alimiliki watumwa huko Demerara na Jamaica, na utumwa ulipokomeshwa alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 100,000 kutoka hazina ya umma. Watumwa wenyewe hawakulipwa hata senti. Katika miaka yake ya mwanzo Bungeni, kijana Gladstone alisimama kulitetea shamba la baba yake. Nalitaja jambo hili ili msomaji asidhani namchorea mtakatifu.

Aliingia wizara ya fedha mwishoni mwa 1852, na mwaka uliofuata akasoma bajeti kwa muda unaokaribia saa tano. Neno bajeti lenyewe, kwa asili, ni mfuko mdogo wa ngozi wa Wafaransa wa kale. Kazi ya Gladstone ilikuwa kuutia mfuko huo kamba. Alikusudia kuifuta kodi ya mapato ifikapo 1860, lakini Vita vya Crimea vikaja na kodi ikapandishwa maradufu. Hapo akazidi kushikilia kwamba shilingi iliyotozwa raia haiwi mali ya wizara. Ni amana iliyotolewa kwa kazi maalumu na kwa muda maalumu.

Mwaka 1861 Bunge, kwa hima yake, likaunda kamati ya kudumu ya kuchunguza hesabu za umma, ambayo kwa desturi huongozwa na mpinzani. Mwaka 1866 ikapitishwa sheria ya hazina na ukaguzi. Sheria hiyo iliunganisha kazi mbili mikononi mwa afisa mmoja, yaani kuidhinisha pesa zitoke na kukagua baadaye zilivyotumika. Kila wizara ikatakiwa kutoa hesabu za kila kasma (neno zuri hili, lenye maana ya fungu lililokatwa katika bajeti, ambalo wahasibu wetu wamelitupa). Bakio la mwaka halikuwa la wizara kujiwekea.

Kenya iliurithi mpango huo karibu mzimamzima. Hata cheo cha afisa yule wa kofia mbili tulikuwa nacho, mpaka Katiba ya 2010 ilipomgawa mara mbili: Msimamizi wa Bajeti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Kosa la kanuni hii ni dhahiri: anayebana matumizi huadhibiwa. Akirudisha pesa, mwakani atakatiwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika wiki ya mwisho ya mwaka wa kifedha serikali ya huko ilitumia katika manunuzi karibu mara 5 ya wiki ya kawaida, na miradi ya kompyuta iliyoagizwa wiki hiyo ilikuwa hafifu zaidi. Mimi mwenyewe niliwahi kufundisha mahali ambapo idara yetu iliomba kamusi mwaka mzima bila ya mafanikio. Wiki ya mwisho ya Juni tukaletewa masanduku ya wino usioingia katika mashine yoyote tuliyokuwa nayo. Wanafunzi 60 waliendelea kugombania kamusi 4.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kanuni ifutwe. Ukiifuta, Bunge litapoteza kamba ya mfuko. Waingereza wenyewe wameilegeza tu: wizara huruhusiwa kuvusha sehemu ya pesa hadi mwaka unaofuata, kwa kiwango na kwa idhini. Nasi tufanye hivyo, hasa kwa kaunti, ambazo mara nyingi hupokea mgao wao mwaka ukiwa umebakisha majuma machache, kisha zikalaumiwa kwa pupa. Lakini jambo la haraka zaidi ni mapitio. Manunuzi ya Mei na Juni yaorodheshwe peke yake, bei zake zilinganishwe na za Oktoba, na wakaguzi waingie bohari mwezi wa Julai, vitu vingali ndani ya makasha. Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi 6 kutoa ripoti na Bunge miezi 3 kuijadili. Si nadra kuona kamati ikihoji hesabu za miaka kadhaa nyuma, ilhali waliotia sahihi wamekwisha kustaafu. Tulirithi tarehe ya mwisho, tukauacha ukaguzi ukijikokota nyuma yake.

Gladstone alionja ukali wa chombo chake mwenyewe. Mwaka 1873, akiwa Waziri Mkuu, wakaguzi waligundua kwamba idara ya posta ilikuwa imechota zaidi ya pauni 800,000, zikiwamo akiba za wananchi, ili kupanua simu za maandishi bila ya idhini ya Bunge. Waziri wa Fedha aliondolewa katika wadhifa huo na Gladstone akaushika mwenyewe. Ripoti haikufichwa eti kwa kuwa serikali ni yake.

Alikuwa Waziri Mkuu mara nne. Katika awamu ya mwisho alipinga Uingereza kuitwaa Uganda, na ugomvi wake wa mwisho na mawaziri wenzake ulihusu manunuzi: wao walitaka manowari nyingi zaidi, yeye akakataa gharama. Akajiuzulu Machi 1894, akiwa na umri wa miaka 84. Manowari zikaagizwa, na mwaka huo huo Uganda ikatangazwa nchi lindwa. Reli ya kwenda huko ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, kwa pesa zilizoidhinishwa na Bunge lile lile. Gladstone alipofariki tarehe 19 Mei 1898, wajenzi walikuwa wakihangaika na daraja la Tsavo, na makadirio ya pauni milioni 3 yalikuwa safarini kuelekea milioni 5 na nusu.