Mwenda Jean Bosco, mtu wa kidole gumba

Vijana wetu wa Manguredjipa, wakitoka mu mashimo ya dhahabu, wanashika gita besi na kutafuta ile slapu ya roki: kidole gumba kinagonga uzi mnene sawa nyundo, kidole kingine kinavuta uzi mwembamba mpaka unalia. Wengi wanasema bila mwalimu haiwezekani. Sisi wa sendika tunawakumbusha mtu mmoja wa inchi yetu.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mu 1930 kule Bunkeya, Katanga, mji wa mfalme Msiri. Juu ya kabila lake aliitwa pia Mwenda wa Bayeke. Alipokuwa kijana aliishi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mji wa shaba. Mu makampi ya wafanyakazi kule watu walitoka makabila mengi, na Kiswahili ndicho kiliwaunganisha. Bosco naye akaimba mu Kiswahili, kila mtu amusikie.

Hakuwa na orkestra nyuma yake. Alikuwa na gita moja ya mbao, bila umeme. Mkono wa kuume ulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba kilitembea juu ya nyuzi nene bila kusimama: hicho ndicho kilikuwa besi, hicho ndicho kilikuwa ngoma. Cha shahada kiliimbisha nyuzi nyembamba. Mwenye kusikia bila kuona angesema wapiga gita wako wawili.

Mu 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimukuta Jadotville na kumurekodi. Wimbo Masanga ulitoka mu sahani, ukavuka mipaka. Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco akafika Nairobi, akapata kipindi chake mu redio, na wapiga gita wengi wa Kenya wakamufuata. Mu 1969 akapiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Hata hivyo hakuachia gita peke yake kulisha nyumba. Alifanya kazi mu banki, akafanya Gécamines, akaongoza orkestra Lubumbashi, akawa na hoteli kwenye mpaka wa Zambia. Ajali ya gari ilimuua kule Zambia mu 1990.

Bosco hakupiga slapu. Slapu ilitoka kwa Larry Graham, Marekani, miaka ya 1960. Alipiga pamoja na mama yake. Mpiga ngoma alipokosekana, Graham akaanza kugonga nyuzi kwa gumba badala ya ngoma. Shida ni ile ile ya Bosco: watu hawatoshi, basi kidole kimoja kifanye kazi ya watu wawili.

Vijana, anzeni hapo. Gumba kwanza, polepole, mapigo sawasawa, mpaka kitembee hata mukiwa munaongea. Kisha ongezeni kidole cha kuvuta. Ninyi muliokimbilia Butembo na gita ikabaki nyuma, piga juu ya meza ao sanduku. Gumba kitajifunza tu. Na mu shimo mutunze mikono: tegemezeni udongo kwa miti kabla ya kuingia. Kidole kilichopondwa na jiwe hakirudi, si kwa sururu, si kwa gita.