Mfalme George wa Sita: Kisu Hakikutosha

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera hupita kando ya mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na kuitwa Malkia Elizabeth tangu mwaka 1954, Malkia huyo alipozuru Uganda. Baba yake, Mfalme George wa Sita wa Uingereza, hakuwahi kuiona ziara hiyo.

Mfalme huyo alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895. Akiwa kijana alitumikia jeshi la majini, akapigana katika vita vya Jutland mwaka 1916. Mapema mwaka 1925 yeye na mkewe walizuru Uganda katika safari ya uwindaji. Mwezi Desemba 1936 alirithi ufalme baada ya kaka yake kukiacha kiti, akawaongoza watu wake katika Vita Kuu ya Pili.

Lakini tumbaku ilikuwa adui aliyekaa ndani ya nyumba. Mwaka 1949 alipasuliwa kwa sababu ya mishipa ya damu ya miguu iliyoziba. Mwaka 1951 alishikwa na kikohozi kisichopona. Tarehe 23 Septemba daktari Clement Price Thomas aliliondoa pafu lake la kushoto, lililokuwa na saratani. Mfalme hakuambiwa jina la ugonjwa wake, wala raia hawakutangaziwa. Alipata nafuu, akarudi hata kuwinda. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 moyo ulimsimama usingizini, naye ana umri wa miaka 56. Binti yake, aliyekuwa Kenya, alirejea kwao kupitia Entebbe akiwa Malkia.

Daktari Price Thomas, mvutaji pia, baadaye alipatwa na saratani ile ile. Alipasuliwa na madaktari aliowafundisha mwenyewe, akapona, akaishi hadi mwaka 1973.

Basi tofauti iko wapi? Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, upasuaji huweza kuuondoa kabisa. Lakini kisu hakiondoi madhara ya sigara katika moyo na mishipa. Mgonjwa yampasa aache tumbaku, afanye mazoezi ya kupumua, atembee mapema, na kurudi kwa daktari kila aitwapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kasese na Bwera, kikohozi kikipita majuma mawili, nenda hospitali. Makohozi yakipimwa na kifua kikuu kisionekane, usiridhike: omba upigwe picha ya kifua. Na jamaa wasimfiche mgonjwa ukweli, kwani askari hapigani vema na adui asiyemjua.