Livingstone na bawasiri aliyoificha

Dk David Livingstone tunamkumbuka kwa Ujiji, alikokutana na Stanley mwaka 1871. Wachache wanajua kuwa daktari huyu, aliyezaliwa Scotland mwaka 1813, aliteswa kwa miaka na bawasiri.

Alipokuwa Uingereza mwaka 1864 alishauriwa afanyiwe upasuaji. Alikataa, akiogopa kuandikwa magazetini. Mwaka 1866 akarudi Afrika kupitia Zanzibar, na ugonjwa wake vilevile.

Upasuaji wa enzi zile ulikuwa wa hatari, kwa hiyo simlaumu sana. Aibu ndiyo inayonisikitisha, maana bado tunayo. Mtu wa Mwananyamala atanunua dawa ya kupaka miezi kadhaa, huku damu mbichi ikimtoka chooni, kabla ya kumwambia daktari. Na damu hiyo si lazima iwe bawasiri. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Uchunguzi wa kwanza ni wa dakika chache: daktari hupima kwa kidole chenye glovu, kisha huangalia ndani kwa kifaa kifupi. Bawasiri nyingi hutulia kwa mboga za majani, matunda, maji ya kutosha na kuacha kujikamua chooni. Zinazokaidi hufungwa kwa mpira mdogo hadi zinyauke, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Livingstone alitokwa damu nyingi siku zake za mwisho, akawa wa kubebwa kwa machela. Alifariki Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, akiwa pia na malaria na kuhara damu. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.