Askofu Josiah Kibira: Mtumishi Aliyepokea na Kukabidhi

Marehemu Askofu Josiah Kibira alizaliwa Bukoba mwaka 1925. Mwaka 1964 alipokea uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler wa Uswidi, akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi hiyo. Mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani; hakuna Mwafrika aliyemtangulia. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kumdhoofisha alipokabidhi wadhifa huo Budapest mwaka 1984. Alilala katika Bwana mwaka 1988.

Nasi Wakristo wa Viwanja Sitini, tunapojiandaa kwa simanzi kumuaga mchungaji wetu anayestaafu, tukumbuke: mchungaji hupokea na kukabidhi, kundi ni la Bwana.