Al-Biruni na Nyumba Sitini na Nne

Barazani Makupa, mjini Mombasa, wachezaji wa bao hugombania kete 64, na aghalabu anayeshinda ni yule aliyekwisha kuhesabu kabla mkono wake haujagusa shimo. Idadi hiyo hiyo, lakini ya nyumba za ubao wa sataranji, ndiyo iliyomshughulisha Abu Rayhan Al-Biruni.

Mwanachuoni huyu alizaliwa mwaka 973 huko Kath, nchi ya Khwarizm, ambayo leo imo Uzbekistani. Mnamo mwaka 1000 alikuwa Gurgan, karibu na Bahari ya Kaspi, akiandika kitabu juu ya kalenda za mataifa. Humo alikokotoa hesabu ya ubao huo: punje moja katika nyumba ya kwanza, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, na kuendelea maradufu hadi ya 64. Wasimulizi wa kisa hiki huridhika na mshangao wa mfalme aliyeahidi kulipa. Al-Biruni alitaka jawabu.

Hakujumlisha nyumba moja moja. Alionyesha kwamba nyumba ya tano, yenye 16, ikizidishwa kwa yenyewe huzaa ya tisa, yaani 256. Ya tisa huzaa ya 17. Ya 17 huzaa ya 33. Na ya 33 huzaa ya 65, ambayo haimo ubaoni. Kwa kuwa kila nyumba huzidi jumla ya zote zilizoitangulia kwa moja tu, alitoa moja: 18,446,744,073,709,551,615. Tukikadiria punje 25 za ngano kwa gramu, hizo ni tani bilioni 738 hivi. Malori ya tani 28 yangevuka Makupa kwenda bara, moja kila sekunde, usiku na mchana, kwa zaidi ya miaka 800.

Nambari hii ni zao la nambari tasa saba, zote tofauti: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Ile 641 na ile ya mwisho zikizidishwa hupatikana 4,294,967,297, ambayo Fermat wa Ufaransa aliidhania kuwa tasa mpaka Euler alipoivunja mwaka 1732.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, na Al-Biruni akachukuliwa Ghazna. Huko alijifunza Kisanskriti, na mnamo 1030 akakamilisha kitabu chake juu ya India. Alieleza kuwa umaarufu wa Somnath ulitokana na bandari yake, kituo cha wasafiri wa baina ya Sofala, katika nchi ya Zanji, na China. Mahmud mwenyewe ndiye aliyelivamia hekalu la Somnath. Na Al-Biruni, ambaye kwa miaka mingi aliishi chini ya mamlaka yake, hakusita kuandika kwamba mashambulizi hayo yaliangamiza ustawi wa nchi ile. Alifariki Ghazna yapata mwaka 1050.