Recklinghausen, daktari wa vinundu

Friedrich Daniel von Recklinghausen alizaliwa Gütersloh, Ujerumani, mwaka 1833. Alihitimu udaktari mwaka 1855, akafanya kazi Berlin chini ya Rudolf Virchow, na tangu mwaka 1872 akawa profesa Strasbourg. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miili ya marehemu ili kujua maradhi yaliyowaua.

Mwaka 1882 aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliojaa vinundu mwilini. Madaktari wengine walikwisha kuviona vinundu vya aina hiyo. Yeye aliviweka chini ya hadubini, akaonyesha kwamba vinaota kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo maana ugonjwa huu, nyurofibromatosi, ukaitwa pia kwa jina lake.

Mishipa hiyo imefika hadi kwenye utumbo, na hapo ndipo vijana wanapokosewa. Kijana wa Tindiga mwenye mabaka ya rangi ya kahawa tangu utotoni, sita au zaidi, akilalamika tumbo hupewa dawa ya minyoo. (Kweli, mara nyingi huwa ni minyoo.) Lakini uvimbe wa utumbo unaweza kuvuja damu kidogo kidogo mpaka apungukiwe damu, au kuziba njia ya chakula. Akipata choo cheusi kama lami, akitapika mfululizo, au tumbo likijaa na choo kikagoma, usingoje. Mpeleke hospitali ya wilaya Kilosa, na umwonyeshe daktari yale mabaka, maana nguo huyaficha. Si uchawi, wala hauambukizi.

Recklinghausen alifariki Strasbourg mwaka 1910. Jeni ya aina ya kwanza ya ugonjwa huo ilitambuliwa mwaka 1990.