Ernest Rutherford: maisha ya mgunduzi wa kiini cha atomu, na jiwe la Katanga

KASENGA – Mwanafunzi wa sekondari wa hapa Kasenga, kando ya mto Luapula, akiambiwa achore atomu, anaweka kiini katikati na elektroni zikikizunguka. Kiini hicho kiligunduliwa na Ernest Rutherford, mtaalamu wa fizikia aliyefariki mwaka wa 1937. Kazi yake inagusa jimbo letu kuliko wengi wanavyodhani.

Rutherford alizaliwa tarehe 30 Agosti 1871 karibu na mji wa Nelson, New Zealand, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili. Mama yake alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1895 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Cambridge, Uingereza, baada ya mwenzake aliyechaguliwa kwanza kuukataa.

Mwalimu wake huko alikuwa J.J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka wa 1897. Thomson aliiona atomu kama bonge la umeme chanya, elektroni zikiwa zimetawanyika ndani yake kama karanga ndani ya bukari.

Mwaka wa 1909, Rutherford akiwa profesa Manchester, wasaidizi wake Hans Geiger na Ernest Marsden, kijana wa miaka 20, walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Kama Thomson alisema kweli, zote zingepita. Nyingi zilipita, lakini chache sana, moja kati ya maelfu, zilirudi nyuma.

Rutherford alitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka wa 1911, mwaka mmoja baada ya Lubumbashi kuanzishwa kwa jina la Élisabethville, alitangaza jibu: karibu uzito wote wa atomu uko katika kiini kidogo sana, na sehemu kubwa iliyobaki ni tupu. Kama atomu ya dhahabu ingekuwa na ukubwa wa uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, kiini chake kingekuwa kama punje ya hindi katikati ya uwanja.

Mchoro wake nao ulikuwa na kasoro, kwani kwa sheria za wakati huo elektroni zingeanguka kwenye kiini. Mwaka wa 1913 Niels Bohr wa Denmark, aliyewahi kufanya kazi naye, alizipangia njia maalum. Mwaka wa 1932 James Chadwick, msaidizi wa Rutherford, aligundua nyutroni ndani ya kiini.

Mwaka wa 1933 Rutherford alikuwa bado haamini kwamba watu wangeweza kupata nishati ya maana kutoka kwenye atomu. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1937, baada ya upasuaji wa ngiri.

Mwaka mmoja tu baadaye, wataalamu wa Ujerumani walipasua kiini cha uraniamu. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangamiza Hiroshima. Sehemu kubwa ya uraniamu yake ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wakongo waliolichimba jiwe hilo hawakuambiwa lilikuwa linapelekwa kufanya kazi gani.

Mgodi huo ulifungwa rasmi mwaka wa 2004. Mwanafunzi wa Kasenga anapochora kiini leo, anachora nguvu iliyolala chini ya udongo wa jimbo lake mwenyewe. Safari hii, ni vizuri aijue kabla wengine hawajaja kuichukua.